Namba Ishirini Mgongoni mwa Mwalimu Wachuka

Katika boma la marehemu Thuo hapakuwa na mlevi, hapakuwa na mtoto aliyerudia darasa, na hapakuwa na mvi!

Hilo la mvi lilikuwa la kushangaza, maana Mwalimu Wachuka, mjane wa marehemu, alikuwa ametimiza miaka sitini na minne, na kichwa chake kilikuwa cheusi kuliko sufuria ya kuchemshia githeri. Ukithubutu kumwuliza siri, alikutazama kwa jicho lilelile alilowatazamia watoto wa darasa la sita kwa miaka thelathini na mmoja.

"Ni damu," alisema. "Babu yangu alizikwa akiwa na miaka tisini na miwili, nywele nyeusi tititi. Wazee walifungua jeneza mara mbili wakidhani wamechukua maiti ya mtu mwingine."

Aliisema hadithi hiyo kanisani. Aliisema kwenye chama cha kina mama. Aliisema hata kwa Waithera wa Kabazi, siku Waithera alipokuja Nakuru mara ya kwanza kubisha hodi kwa niaba ya mwanawe Njuguna, aliyekuwa amempenda Cate, binti wa Mwalimu. Waithera alirudi Kabazi na habari hiyo kama mtu aliyebeba mbegu bora. Kuanzia kanisani hadi kwenye kituo cha maziwa, kila mtu alijulishwa kwamba wajukuu wake hawatazeeka kamwe.

Basi shida ilikuwa moja tu: uso.

Uso wa Mwalimu ulikuwa na tabia ya kuvimba siku za heshima. Siku za kawaida ulitulia. Lakini ikifika Krismasi, kope zinafura! Harusi ya mpwa wake, masikio yanachuruzika maji! Siku askofu alipozuru parokia, Mwalimu alisimama mstari wa mbele, macho yamebaki nyufa mbili kwenye mkate, na askofu akamshika mkono kwa huruma akamwambia, "Pole sana kwa msiba." Hapakuwa na msiba.

Mwalimu alilaumu pareto ya Molo. Alilaumu vumbi la magadi linalopeperuka kutoka ziwani. Alimlaumu Mama Achola wa ng'ambo ya barabara, ambaye alisifika kwa kutazama watu sana. Kitu kimoja hakukilaumu. Kila ilipokaribia siku kuu, Mwalimu alijifungia bafuni saa nzima, amevaa fulana kuukuu, na mswaki mkononi ambao haukuwahi kukutana na jino. Cate alijua. Cate alikuwa binti aliyelelewa vizuri, kwa hivyo alinyamaza.

Sasa ilikuwa imekuja siku kuu kuliko zote. Ruracio! Wazee wa Kabazi wangefika Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuleta mahari, na kina mama wangemvisha mama wa msichana blanketi mbele ya umati.

"Nikitokea na uso kama andazi, watasema nini?" Mwalimu aliuliza. "Watasema boma la Thuo lina laana. Ama watasema najichubua! Mimi! Mjane wa hedimasta!"

"Mum, enda tu uone daktari wa ngozi."

Akaenda. Langoni mwa kliniki bawabu alimwita mama kwa Kiswahili cha mtaani, kwa furaha, "Sasa mathe! Andika jina hapa."

"Mathe ni wa kwenu," alijibiwa. "Mimi ni Mwalimu."

Daktari Wasike alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya msomaji wa matangazo ya vifo. Aliutazama uso, akatazama nyuma ya masikio, akatazama mikono.

"Hii ni aleji ya kugusa," alisema. "Kuna kitu kinachogusa ngozi yako, nayo haikitaki. Lakini ngozi haipigi kelele papo hapo. Inangoja siku moja, mbili. Kwa hivyo mwizi hakamatwi mlangoni. Tutabandika vitu mgongoni mwako, kidogo kidogo, tuone ni kipi kitaacha alama."

"Vitu gani?"

"Hapo ndipo kazi ilipo, Mwalimu. Duniani kuna maelfu ya vitu, na mgongo ni mmoja. Lazima tuchague. Enda nyumbani, uniletee kila kitu kinachokugusa: sabuni, mafuta, vipodozi, glavu, vya nywele, kila kitu. Usipange, usisafishe. Kuchagua niachie mimi."

Sasa, mwambie mwanamke wa heshima kwamba watu watapekua vitu vyake vya bafuni, uone!

Kila nyumba yenye adabu Nakuru ina vikombe vya aina mbili. Kuna vya watu wa nyumbani, vyenye pengo mdomoni na picha ya mbunge aliyeshindwa uchaguzi zamani. Halafu kuna vya wageni, ndani ya kabati la vioo, ambavyo watu wa nyumbani huviona kama wanavyoona mwezi. Mgeni akija, vya wageni hutoka. Mwalimu hakuona kwa nini daktari asihesabiwe kuwa mgeni.

Siku hiyohiyo alishuka mjini, akaingia duka kubwa.

"Mum," Cate alisema alipoona kiondo mezani, "hii sabuni bado ina karatasi ya bei."

"Bandua."

"Na hii losheni ya maua ya waridi? Hujawahi kuitumia."

"Nitaanza leo."

Na kweli alianza! Mwalimu Wachuka hakuwa mwongo. Ili asiwe mwongo, jioni ile alijipaka vitu vyote vinane kwa zamu, akanukia kama lori la maua limepinduka Naivasha. Ng'ombe zizini alipiga chafya.

Nyumbani viliachwa vya nyumbani: kipande cha sabuni ya buluu kilichofulia nguo na kuogesha watu, na kopo la mafuta ya kukamulia ambayo Mwalimu na ng'ombe wake waliyatumia kwa usawa. Kisha kulikuwa na kopo la zamani la majani ya chai, juu kabisa ya kabati, lililofungwa kwa raba tatu. Ndani mlikuwa na vipakiti vyeusi kumi na viwili. Hivyo asingevitaja hata kwa kufa.

Jumatatu ya wiki ile ya ruracio, Mwalimu alikuwa kliniki saa mbili kamili. Hakuwa amejifungia bafuni tangu Pasaka, uso umetulia, na kichwani amefunga kitambaa cha kijani kwa mafundo matatu. Alipanga chupa zake mezani kwa kimo, ndefu nyuma, fupi mbele, kama watoto wanaopigwa picha ya shule.

Daktari Wasike alizitazama. Muuguzi wake, Sista Jepkorir, naye alizitazama. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, mwenye macho yasiyokosa kitu.

"Zimejaa sana," Jepkorir alisema.

"Natumia kidogo kidogo. Nililelewa hivyo."

Daktari alitoa vibandiko viwili. Kila kimoja kilikuwa na visahani kumi vidogo, kila kisahani kidogo kuliko kifungo cha shati. "Nafasi ishirini," alisema. "Kwenye friji nina dawa za kupimia zaidi ya hizo, na wewe una vyako vinane. Kila nafasi tunayompa asiye na hatia, tunamfichia mwizi. Kwa hivyo nisaidie kwa ukweli. Sabuni haibandikwi hivyo ilivyo, tutaizimua kwa maji. Unafulia nguo kwa mkono?"

"Nina mashine."

Mashine ilikuwepo. Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma na picha ya marehemu.

"Unavaa glavu za mpira?"

"Za nini? Mimi silimi." Shamba la viazi, nyuma ya nyumba, halikuwepo kujitetea.

"Tutaweka mpira hata hivyo. Manukato, tunaweka. Dawa za kuhifadhi losheni, tunaweka. Lanolini, ile ya manyoya ya kondoo, hupatikana hata kwenye mafuta ya kukamulia..."

"Mafuta ya kukamulia ni ya ng'ombe, Daktari."

"Na mikono inayokamua?"

Mwalimu alitazama dirishani. Daktari akaandika lanolini.

"Namba saba, nikeli. Ni madini ya kwenye vidani vya bei rahisi. Huo mkufu wako..."

Weee! Mwalimu alisimama. Mkononi aliushika mkufu ambao Thuo alimletea kutoka safari ya pekee aliyowahi kufanya nje ya nchi. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amewaambia watu kwamba ni dhahabu, karati ambazo hesabu yake iliongezeka kila mwaka.

"Namba saba iondoke! Marehemu hakuwa mtu wa nikeli!"

"Si kwa ajili ya mkufu, Mwalimu," Jepkorir alisema upesi. "Ni kwa ajili ya vifungo vya sidiria."

Mwalimu alifikiri. Vifungo vya sidiria havikuwa na jina la ukoo. Akakaa.

Ikafika namba kumi na tisa. Daktari akainua kalamu. "Nywele. Unatumia rangi?"

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu alikuwa amefundisha methali isemayo mficha maradhi kilio humfichua, na aliwachapa waliosahau nusu ya pili. Sasa yeye mwenyewe aliisahau yote.

"Za kuzaliwa," alisema. "Ni damu. Babu yangu alizikwa..."

"Sawa. Basi ile ya rangi nyeusi tunaiacha. Kumi na tisa tuweke losheni ya waridi, na ishirini..." Daktari alitafuta kwenye meza. "Ishirini imebaki wazi."

"Weka sabuni ile nyingine," Mwalimu alipendekeza. "Ina picha nzuri."

Jepkorir alikuwa amesimama nyuma yake. Kutoka hapo aliona kile ambacho kitambaa cha kijani hakikukifunika: juu ya sikio, nywele chache, nyeupe mizizini, nyeusi nchani. Akakohoa.

"Daktari, mama ni mjane. Wajane huvaa nguo nyeusi. Na rangi ya nguo nyeusi wakati mwingine huenda pamoja na ile nyingine... ile ya kwenye friji. Si tungepima tu, hapo ishirini? Kwa sababu ya nguo."

Daktari alimtazama muuguzi wake, akaelewa, akainamisha kichwa kama mtu aliye mazishini. "Mwalimu, ulivaa nyeusi?"

"Mwaka mzima!" Mwalimu alisema, kidevu juu. "Mchana kutwa! Nani Nakuru alimwomboleza mume kunishinda mimi? Weka! Kwa heshima ya marehemu, weka!"

Na hivyo ndivyo Mwalimu Wachuka, kwa mdomo wake mwenyewe, alivyomkaribisha mwizi na kumpa kiti.

Akapewa masharti. Mgongo usiguse maji. Asitoke jasho. Asikune. Akaenda nyumbani na visahani ishirini mgongoni, na kwa siku mbili aliketi wima kama picha ya gavana. Alilala kifudifudi. Jumanne, kila kitu mgongoni kilikuwa kimya. Jumanne jioni, upande wa chini kulia, kitu kilianza kumtekenya. Jumatano asubuhi hakikuwa kinatekenya tena. Kilikuwa kinamwimbia!

"Mum, unacheza?" Cate aliuliza akimkuta anajisugua kwenye fremu ya mlango.

"Naomba," Mwalimu alijibu.

Jumatano vibandiko vilibanduliwa, na Jepkorir akaandika namba mgongoni kwa kalamu ya wino usiofutika, moja hadi ishirini. Daktari alikunja uso. Alisema matokeo ya kweli ni ya Ijumaa.

Ijumaa alfajiri Mwalimu alikuwa langoni kabla ya bawabu.

"Vuta pumzi," Daktari Wasike alisema, akipitisha taa mgongoni. "Moja, hakuna. Mbili, hakuna. Mpira, hakuna. Lanolini, hakuna, wewe na ng'ombe endeleeni. Saba, nikeli..."

Mwalimu alifumba macho. Alisahau uso, akasahau Kabazi. Alimwona Thuo akishuka kutoka kwenye ndege na kile kiboksi chekundu.

"Hakuna kitu."

"Unaona!" Machozi yakamtoka. "Nilisema! Hakunidanganya! Ni dhahabu!"

"Kwa kweli, Mwalimu, kipimo hiki kinapima ngozi yako, hakipimi mku..."

Jepkorir akamkanyaga mguu.

"...mkufu mzuri," Daktari alimalizia. Kisha akaendelea hadi chini kulia, akasimamisha taa. Alimwita Jepkorir. Wote wawili wakainama kama wanaosoma gazeti la bure.

"Ishirini," Daktari alisema. "Imeumuka. Ina malengelenge. Katika miaka yangu yote sijaona ishirini ya namna hii."

"Nguo nyeusi!" Mwalimu alisema haraka. "Nitazichoma!"

"Uliacha kuvaa nyeusi lini?"

"Miaka sita iliyopita."

"Na uso ulivimba mara ya mwisho lini?"

"Pasaka."

Hata losheni ya waridi, pale mezani, ilionekana kuona haya.

"Mama," Jepkorir alisema polepole, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "hata mimi kwetu hakukuwa na mvi. Mpaka siku dada yangu alipolazwa. Hiyo kitu, kila mara ngozi inakasirika zaidi. Usiirudie. Hata kesho."

Kesho! Ruracio ilikuwa kesho!

Ijumaa hiyo saa kumi jioni Mwalimu aliketi bafuni, kopo la majani ya chai magotini, raba tatu sakafuni. Alitoa kitambaa, akajitazama kwenye kioo. Tangu Pasaka ukweli ulikuwa umeota karibu inchi moja. Chini mweupe, juu mweusi, kama mlima Longonot ukiwa umevaa ukungu kiunoni.

Cate alisimama mlangoni. Mwishowe akauliza lile ambalo binti aliyelelewa vizuri hangeuliza.

"Mum. Uso ama nywele?"

Mwalimu alifikiria Waithera. Alifikiria babu yake, ambaye kwa kweli alizikwa na upara. Kisha akafikiria Cate akiwa ameketi kesho kando ya mama mwenye uso kama andazi, wageni wakinong'ona kuhusu laana.

"Leta mashine ya kunyolea ya baba yako," alisema. "Na ukimwambia mtu, nitakukana."

Jumamosi ikafika. Hema jeupe, viti vya kukodi, nyama ikinukia hadi kwa Mama Achola, ambaye alikuwa ametazama tangu saa kumi na mbili. Na Mwalimu Wachuka akatokea! Uso laini! Macho mawili kamili! Kitambaa cha dhahabu kichwani, kimefungwa kwa mafundo matano na pini nne. Wageni wa Kabazi waliguna kwa heshima.

Mambo yalikwenda vizuri hadi wakati wa blanketi.

Kina mama wa Kabazi walikuja wakiimba, Waithera mbele, blanketi zito la sufu limekunjuliwa kama bendera. Wakamzunguka Mwalimu. Wakamfunika. Na Waithera, kwa upendo wa mkwe, akampiga mgongoni mara tatu.

Pa! Pa! Pa!

Chini. Kulia.

"YESU WANGU!"

Mwalimu aliruka! Mama wa msichana, mbele ya wazee, alirusha blanketi la mahari, akapinda kama upinde, mkono mmoja ukitafuta namba ishirini na mwingine ukimfukuza kila aliyetaka kusaidia. Mafundo matano hayakuhimili. Pini nne zikaruka kila moja na njia yake. Kitambaa cha dhahabu kikatua kwenye sufuria ya supu.

Na hapo, mbele ya watu mia mbili, kikabaki kichwa kidogo, kimenyolewa vizuri, vinywele vifupi vyeupe kama maziwa lala.

Blauzi nayo ilikuwa imeshuka begani. "Mwalimu," Waithera alinong'ona akichungulia, "mbona umeandikwa namba?"

Kwa kawaida, kwenye ruracio, watu wa msichana ndio hutoza faini watu wa mvulana. Lakini sasa aliinuka mzee Kabiru, msemaji wa Kabazi, kofia mkononi, uso wa hakimu.

"Watu wa nyumba hii," alisema, "sisi tulipokuja mara ya kwanza, mkwe wetu alituambia kwamba kundi la boma hili ni jeusi tupu tangu kwa babu. Tukakubaliana mahari kwa hesabu ya kundi jeusi. Leo tumeona, kwa macho yetu, tena bila kuomba, kwamba kuna weupe. Si kidogo. Sisi hatuna ugomvi na weupe. Weupe ni baraka. Lakini kuuziwa mbuzi mweupe kwa maelezo ya mweusi, hiyo huko Kabazi ina faini!"

Hema lilipasuka kwa kicheko. Cate alijificha nyuma ya mkono. Mama Achola, ng'ambo ya barabara, alianguka na kiti chake.

Mwalimu Wachuka alijinyoosha. Kisha akaokota blanketi, akalivaa mwenyewe, kwa uangalifu upande wa kulia, akainua kile kichwa cheupe.

"Faini ni ya haki," alisema kwa sauti ya darasa la sita. "Boma la Thuo hulipa."

Jioni, wageni wakiondoka, Waithera alichelewa. Alimvuta Mwalimu kando ya zizi, akainua ukingo wa kilemba chake mwenyewe. Nyuma ya sikio, ngozi ilikuwa nyekundu, inachuruzika maji.

"Huyo daktari wako," alinong'ona, "Jumatatu ana nafasi?"

"Anayo," Mwalimu alisema. "Lakini sikiza, mkwe. Usipeleke sabuni mpya."

Faini ililipwa: mbuzi mmoja, mweupe kuanzia pembe hadi mkia. Yuko Kabazi hadi leo, amenona, anazaa mapacha, na hajui kwa nini watoto wa shule wakipita humwita Namba Ishirini.